Kabla Hujauza Miti: Namna ya Kupima Gharama na Kipato cha Shahada ya Uandishi

Matokeo ya kidato cha sita yanapotoka mwezi Julai, mjadala wa ada huanza katika nyumba nyingi za Mafinga, Njombe, Tukuyu na Uyole, na mara nyingi huanzia mahali pasipofaa. Mzazi anataka kujua kama mtoto amechaguliwa, mtoto anataka kujua kama chuo kina jina, na mjomba aliyeko Dar es Salaam anapiga simu kusema kwamba uandishi haulipi. Wote watatu wanazungumza kabla hajatokea mtu wa kushika kalamu na kuandika tarakimu mbili tatu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mhitimu wa kidato cha sita wa tahasusi za historia na lugha (HKL, HGK au HGL) anayetaka kuishi kwa kuandika, na kwa ajili ya mzazi atakayegharamia azma hiyo. Nitamke mapema ninakoelekea: katika mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, kinachoiharibu zaidi hesabu ya shahada hii ni miezi ya kukaa bila kazi baada ya mahafali, na ada ambayo watu huigombania usiku kucha huja nyuma ya hiyo.

Taja kazi kabla ya kutaja chuo

Wanaoishi kwa kuandika hawafanyi kazi moja, na kila kazi ina cheti chake kinachodaiwa mlangoni. Mwandishi wa habari anabanwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 pamoja na kanuni zake za mwaka 2017, ambazo zilimtaka awe na elimu isiyopungua stashahada ya fani hiyo ili apate ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kuwa mwandishi wa habari. Kwa hiyo mtangazaji wa redio ya Njombe mwenye stashahada na mwenzake mwenye shahada wanasimama mahali pamoja mbele ya Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Tofauti yao, kama ipo, itaonekana kwenye kazi na kwenye mshahara watakaopatana na mwajiri. Afisa habari wa halmashauri yuko katika hali nyingine kabisa, kwa sababu matangazo ya nafasi hiyo yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hudai shahada, na asiye nayo hafiki hata kwenye usaili wa maandishi.

Anayetaka kufundisha Kiswahili au Kiingereza sekondari anahitaji ualimu. Shahada ya fasihi au ya isimu, hata ikiwa ya daraja la kwanza, haimwingizi darasani mpaka aongeze stashahada ya uzamili katika elimu, jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wameshavaa joho. Mfasiri na mkalimani hutambuliwa kupitia Baraza la Kiswahili la Taifa, yaani BAKITA, na huko shahada ya lugha ni msaada mkubwa. Mtunzi wa riwaya, mashairi au hadithi za watoto hadaiwi cheti na mtu yeyote. Mhariri wa vitabu hupimwa kwa kazi yake, ila wachapishaji walio wengi wako Dar es Salaam, na mtu wa Mbeya anayeitaka kazi hiyo aingize gharama ya kuhama katika hesabu.

Zoezi la kwanza, basi, ni kukusanya matangazo halisi ya kazi kama kumi kutoka Ajira Portal (tovuti ya ajira za Serikali), magazetini na kwenye mbao za matangazo za mashirika, kisha kuandika kando ya kila moja kiwango cha elimu kinachotakiwa, miaka ya uzoefu na mji ambako kazi ipo. Ikionekana kwamba matangazo saba kati ya kumi yanaridhika na stashahada pamoja na uzoefu wa miaka miwili, umekwisha kujifunza jambo ambalo kijitabu cha chuo hakitakuambia. Wala usikusanye yale tu yanayokuvutia. Kusanya yale ambayo kweli ungeomba.

Jua kinachofundishwa

Kijana anayesoma mtandaoni kuhusu vyuo vya Marekani hukuta shahada za utunzi zinazosimama peke yake, ambapo mwanafunzi hutumia miaka kadhaa akiandika hadithi na kuzijadili na wenzake. Kwetu njia kama hiyo ni ya nadra, na mwenye nia hulazimika kuchagua kilicho karibu nayo. Chuo Kikuu cha Iringa kimefundisha uandishi wa habari kwa ngazi ya shahada kwa miaka mingi. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinaandaa walimu, wakiwemo wa lugha. Na Mbeya ina vyuo vikuu vya makanisa vinavyotoa shahada za elimu zenye somo la Kiswahili au Kiingereza ndani yake. Anayekitaka Kiswahili chenyewe kama taaluma huenda mbali zaidi, TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Dodoma, na anayetaka kusoma bila kuhama nyumbani ana Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kina vituo katika mikoa yetu.

Takwimu za kipato kutoka nje zisikutoe kwenye mstari. Idara ya takwimu za kazi ya Marekani ilitaja dola 73,690 kuwa mshahara wa kati wa waandishi kwa mwaka, kwa hesabu ya Mei 2023. Mtu huigeuza kwa shilingi na kichwa kikamzunguka. Hesabu ile ni ya soko lao, lenye gharama zao za maisha, na inawahusu walioajiriwa peke yao. Wanaojiajiri, ambao katika kazi ya kuandika ni wengi, wako nje yake. Haina msaada wowote kwa familia ya Igawilo inayotafuta ada.

Gharama, pamoja na zile zisizo kwenye fomu ya kujiunga

Nitatumia mfano wa binti wa Mafinga anayechagua kati ya shahada ya miaka mitatu na stashahada ya miaka miwili, zote mjini Iringa. Tarakimu ni za mfano; kila familia iweke zake kutoka kwenye fomu za vyuo ilivyonavyo mkononi.

Tuseme ada ya shahada ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka, na michango mingine ya usajili, mitihani, bima ya afya, kitambulisho na serikali ya wanafunzi inafikia 200,000. Chumba cha kupanga mtaani Kihesa, ambacho wanafunzi hukiita geto, ni 40,000 kwa mwezi, na kwa miezi kumi ni 400,000, ingawa mwenye nyumba atataka miezi sita kwa mkupuo. Chakula kwa 5,000 kwa siku kinakaribia 1,500,000 kwa miezi hiyo kumi. Nauli, bando na fotokopi ziwe 300,000. Mwaka mmoja unakuja shilingi 3,900,000, na miaka mitatu 11,700,000. Ongeza kompyuta mpakato ya 700,000, kwa kuwa mwandishi asiye na kompyuta atamaliza fedha kwenye steshenari, na 600,000 za mafunzo kwa vitendo kwa vipindi viwili. Jumla ni milioni 13. (Anayetoka Kyela kwenda kusoma Iringa aongeze na blanketi zito, Juni ya Iringa haina mzaha.)

Stashahada kwa mtindo huohuo, ada ikiwa 1,000,000 na michango 150,000, inatoka 3,350,000 kwa mwaka, yaani 6,700,000 kwa miaka miwili, na ukiongeza kompyuta pamoja na kipindi kimoja cha mafunzo kwa vitendo cha 300,000 unapata 7,700,000. Tofauti ya njia hizi mbili ni shilingi 5,300,000. Hizo ndizo fedha ambazo familia italazimika kuzitafuta zaidi ikichagua shahada.

Hata hivyo, fedha za kutafuta na gharama yenyewe ni mambo mawili. Katika mwaka wa tatu, binti mwenye stashahada angekuwa kazini, lakini naye angekula, angepanga chumba na angenunua bando. Kwa hiyo 2,200,000 za chakula, chumba na matumizi ya mwaka huo zinapaswa kutolewa kwenye tofauti, kwa maana zingetumika kwa vyovyote vile, na tunabaki na 3,100,000. Kisha tuongeze kipato alichokikosa kwa kuwa bado yuko darasani: tuseme angejitolea nusu mwaka bila malipo, halafu akapata kazi inayomwingizia 300,000 mkononi kwa mwezi, hivyo amekosa 1,800,000. Gharama ya kweli ya kuchagua shahada badala ya stashahada, katika mfano huu, ni shilingi 4,900,000.

Kuna gharama nyingine ambayo sijaiona kwenye fomu ya chuo chochote, nayo inawahusu sana watu wa Mufindi na Njombe. Familia nyingi hupanda misindano kwa ajili ya elimu ya watoto, na ada inapodaiwa Oktoba mnunuzi hukaribishwa shambani kabla miti haijakomaa. Mti wa miaka minane hutoa mbao chache na nyembamba, na mnunuzi anayejua kwamba mwenye shamba ana haraka hutaja bei yake bila aibu. Pengo kati ya bei hiyo na ile ambayo shamba lingeleta baada ya miaka mingine sita au saba ni sehemu ya gharama ya shahada, hata kama haijaandikwa kwenye risiti yoyote. Mahindi nayo ni hivyohivyo: yanayouzwa Agosti, mara tu baada ya mavuno, huwa na bei ya chini kuliko yatakayouzwa Februari. Mzazi mwenye hali hii aandike barua chuoni kabla ya muhula kuanza, aombe kulipa kwa awamu, na apate jibu kwa maandishi. Shamba la miti likatwe kwa sehemu, kwa kadiri ya muhula mmoja mmoja. Kuliuza lote ili fedha zikae benki ni kuzikaribisha harusi, misiba na maombi ya ndugu.

Kipato: hesabu kinachoingia mkononi

Mshahara unaotajwa kwenye tangazo hupita mikono kadhaa kabla ya kumfikia mwenyewe. Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 600,000 katika taasisi binafsi. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10 ni 60,000, zinabaki 540,000 za kukatwa kodi. Kwa viwango vya kodi ya mishahara vinavyotumika Tanzania Bara, 270,000 za kwanza hazikatwi, kiasi kinachofuata hadi 520,000 hukatwa asilimia 8, ambayo ni 20,000, na kilichozidi hapo hadi 760,000 hukatwa asilimia 20. Kodi yote inakuwa 24,000, na mkononi zinafika 516,000. Mtumishi wa umma huchangia asilimia 5 tu kwa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, lakini hukatwa pia bima ya afya ya asilimia 3, na mara nyingi mchango wa chama cha wafanyakazi. Kwa kipimo cha chini, Serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025; mwenye shahada huanzia juu ya hapo.

Kwa waandishi wa habari wa mikoani, hesabu ya mshahara mara nyingi haina pa kushika, kwa kuwa wengi wao hawana mikataba ya ajira na hulipwa kwa habari iliyotoka. Hapa usikubali kuambiwa bei ya habari moja. Uliza ni habari ngapi hutoka kwa mwezi, malipo huchelewa kwa muda gani, na nani hulipia bodaboda. Tuseme habari 20 kwa 10,000 kila moja ni 200,000, halafu 60,000 zikaishia kwenye bodaboda na bando: mtu huyo anaishi kwa 140,000. Posho za semina na bahasha za waandaaji wa mikutano zisiingizwe kwenye hesabu hata kidogo, kwa sababu hazina ratiba, na mwandishi anayezitegemea hujikuta akiandika anachotaka mwenye bahasha.

Ukitembelea redio yoyote ya mkoani saa 11 alfajiri utamkuta kijana amekwisha kufika, amepangua magazeti ya jana na ya leo juu ya meza kwa ajili ya uchambuzi wa asubuhi, na anajaribu kipaza sauti huku mvuke ukimtoka mdomoni kwa baridi. Huyo anajitolea. Anaweza kuwa amejitolea mwaka mzima, akipewa nauli siku ambayo tangazo la biashara limelipiwa. Wengine katika kundi lake huajiriwa, wengine huchoka wakafungua duka la vifaa vya simu Mwanjelwa. Mzazi anayefanya hesabu ajue kwamba kipindi hicho kipo, na kwamba atakayekuwa akilipa kodi ya chumba kwa miezi hiyo ni yeye.

Miezi ya kungoja

Sasa tukutanishe gharama na kipato. Mwenye shahada anapata 516,000 mkononi na mwenye stashahada 300,000. Tofauti ni 216,000 kwa mwezi. Ile gharama ya 4,900,000 ikigawanywa kwa tofauti hiyo hurudi ndani ya miezi 23 hivi, yaani chini kidogo ya miaka miwili ya kazi. Kwa hesabu hiyo shahada inaonekana ni biashara nzuri, na wengi huishia hapo.

Lakini tuseme mwenye shahada amehitimu Iringa na amekaa miaka miwili nyumbani Mafinga akiomba nafasi za uafisa habari, akiitwa Dodoma kwenye usaili na kurudi, huku mwenzake mwenye stashahada akiendelea kupokea 300,000 zake. Kwa miezi 24, mwenzake ameingiza 7,200,000 ambazo yeye hana. Gharama sasa ni 12,100,000, na kwa tofauti ya 216,000 kwa mwezi itarudi baada ya miezi 56 ya kazi, karibu miaka mitano. Ada haijabadilika hata shilingi moja. Miaka miwili ya kungoja imekula zaidi ya yote yaliyotumika kuongeza shahada, na hapo bado sijahesabu nauli za usaili.

Ndiyo maana swali la kumuuliza mhitimu si mahali anapofanya kazi. Watafute waliomaliza programu hiyohiyo miaka mitatu iliyopita, ambao kwa kawaida bado wana kundi lao la WhatsApp, na uwaulize: mkataba wako wa kwanza wa kazi ya fani hii uliupata mwezi gani? Andika majibu ya watu wasiopungua kumi, wakiwemo waliokata tamaa, kwa sababu walioajiriwa ndio hujibu haraka na waliokosa hunyamaza. Chuo nacho kiulizwe kama hufuatilia wahitimu wake na matokeo yake ni yapi. Mkuu wa idara anayekujibu kwa mifano ya wahitimu wawili maarufu amekujibu pia, kwa namna yake.

Miezi hiyo inaweza kupunguzwa, na kazi ya kuipunguza huanza mwaka wa kwanza. Mwanafunzi anayemaliza akiwa na makala kumi zilizochapishwa kwa jina lake, vipindi alivyovitayarisha na mtu mmoja wa kazini anayeweza kumshuhudia, hangoji muda sawa na aliyemaliza na cheti tupu. Maoni yangu ni kwamba mwandishi wa mikoa hii achague mada ya kuimudu, na mada tunazo: misitu na mbao za Mufindi, parachichi la Njombe na Rungwe linalokwenda nje, mpunga wa Mbarali, utalii wa Ruaha, biashara ya mpaka wa Tunduma. Shirika la kilimo linalotafuta mtu wa kuandika taarifa zake hupata shida kumpata anayejua kuandika na pia anayejua kwa nini shehena ya parachichi hukataliwa bandarini. Mafunzo kwa vitendo yatafutwe mahali pa namna hiyo, hata kama chuo kingeridhika na barua kutoka ofisi ya jirani.

Kwa anayefikiria ualimu, nitasema kwa ufupi: upungufu mkubwa wa walimu uko katika sayansi na hisabati, huku walimu wa masomo ya sanaa wakiwa wengi kuliko nafasi, kwa hiyo miezi yake ya kungoja aikadirie kwa ukali kuliko mwingine yeyote.

Mkopo

Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupangwa kwa uhitaji wa mwombaji na pia kwa makundi ya masomo, na miongozo yake imekuwa ikiweka lugha, fasihi na habari katika kundi la nyuma ya afya, uhandisi na ualimu wa sayansi. Mwombaji wa fani hii asijenge bajeti juu ya mkopo kamili. Anayepata fedha za chakula na malazi, zile ambazo wanafunzi huziita bumu, hupata hadi shilingi 10,000 kwa siku, kiwango kilichoanza mwaka wa masomo 2022/2023. Mikopo ya stashahada iliyoanza 2023/2024 ilielekezwa kwenye fani chache za kipaumbele, hivyo mwanafunzi wa stashahada ya habari ajipange kulipa mwenyewe.

Marejesho yanamkata mwajiriwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 ilikuwa asilimia 8. Kwa mshahara wetu wa 600,000 ni 90,000 kila mwezi, na zile 516,000 zinashuka hadi 426,000. Mwenye shahada aliyekopa anamzidi mwenzake wa stashahada kwa 126,000 tu mpaka deni liishe. Hii haimaanishi kwamba mkopo ni mbaya. Umeahirisha gharama ambayo familia ingeilipa mapema, pengine kwa miti michanga, na gharama hiyohiyo isihesabiwe mara mbili. Ndugu waliokopa zamani husimulia jinsi deni lilivyokuwa likikua kila mwaka. Tozo ya kulinda thamani ya mkopo ya asilimia 6 na adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa, ambazo ndizo zilizokuwa zikilikuza, zilifutwa mwaka 2021.

Vipato vya kando

Mauzo ya vitabu yasiwe nguzo ya hesabu. Mrabaha wa mwandishi kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya mauzo au zaidi kidogo. Kitabu cha 10,000 kikiuza nakala 1,000, ambazo kwa riwaya ya Kiswahili si haba, mwandishi anapata milioni moja kwa kazi ya mwaka au miaka. Soko la vitabu vya kiada, lililowatajirisha waandishi kadhaa wa zamani, kwa miaka mingi sasa limekuwa mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na mtu binafsi amebakiwa na vitabu vya ziada. Tuzo zipo na ni za kweli: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 13, 2023, ilimpa mshindi wa kwanza wa kipengele shilingi milioni 10, na Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell, imekuwa ikitoa zawadi kwa dola. Mtu ashindane kwa bidii zote, lakini zawadi asiyoishika asiiandike kwenye daftari la mapato.

Kazi za kando zinazoleta fedha mwezi hadi mwezi ni zile zisizo na sifa: kuhariri tasnifu, kusoma prufu, kuandika miradi ya vikundi, kuandaa kurasa za mtandaoni za biashara na hoteli, na kufasiri. Iringa na Mbeya ni miji ya vyuo, na kila mwaka wanafunzi wa uzamili huhitaji mhariri. Tafsiri nayo imepanuka tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, ijapokuwa kazi kubwa za aina hiyo hutolewa Dodoma na Dar es Salaam. Hapa shahada ya lugha inalipa kwa njia isiyoonekana kwenye mshahara, kwa sababu mteja anayekabidhi mkataba au hati ya mahakama huuliza umesoma nini.

Njia ya hatua mbili

Kwa familia isiyo na akiba kubwa, na kwa kijana ambaye kazi yake ya kwanza haidai shahada, ninapendekeza aanze na stashahada, aingie kazini, kisha asome shahada Chuo Kikuu Huria akiwa anapokea mshahara. Ada huko hulipwa kwa kadiri ya kozi anazochukua mtu, chumba na chakula ni vile alivyokuwa navyo, na miezi ya kungoja baada ya mahafali haipo kwa kuwa tayari yuko kazini. Alama za stashahada zisipungue wastani wa 3.0, kwani hicho ndicho kiwango ambacho kwa kawaida hufungua mlango wa shahada. Ubaya wa njia hii ni uchovu. Mtu anayetoka studio saa 2 usiku na ana mtihani Jumamosi huahirisha muhula mmoja, kisha mwingine, na shahada ya miaka mitatu ikawa ya sita. Anayejijua kwamba hasomi bila kusimamiwa asijidanganye, na aende chuo cha kukaa.

Anayelenga uafisa habari wa Serikali au uhadhiri aende shahada moja kwa moja, kwa kuwa milango hiyo haifunguki bila yake.

Uamuzi ukishafikiwa, tafuta jina la programu, herufi kwa herufi, katika kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) cha mwaka huohuo kwa shahada, au cha NACTVET (baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi) kwa stashahada, kwa sababu programu iliyokuwapo mwaka jana inaweza kuwa imesimamishwa. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mapema kwa ajili ya maombi ya mkopo, na kisisubiriwe mpaka wiki ambayo dirisha linafungwa na mtandao umezidiwa. Aliyedahiliwa vyuo viwili athibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Malipo yafanywe kwa namba ya malipo iliyotolewa na chuo chenyewe, kamwe si kwa simu ya mtu anayejiita afisa udahili, na risiti ya kila awamu ihifadhiwe mpaka cheti kitoke.